YUBILE NI SIKU YA KURUDISHA

Maneno yaliyosemwa na katekista mmoja wa parokia mbele ya wakristu na wageni, katika siku za kujitayarisha kwa yubile



Halmashauri ya parokia imetuomba kusema maneno machache juu ya zambi, kishawishi, toba na haki ya Mungu. Tulipopokea kazi hii tulishangaa kidogo. Watu wote wanatayarisha nyimbo, vitenge vipya na karamu, na sisi tunaombwa kusema juu ya zambi! Lakini tulipofungua Kitabu cha Walawi, sura ya 25, tuliona kwamba halmashauri haikukosea.

1. YUBILE YAANZA SIKU YA TOBA

Katika sura ile Mungu anawaamuru wana wa Israeli kuhesabu miaka saba mara saba, na kuutakasa mwaka wa hamsini. Mwaka ule mtumwa alirudi kwa jamaa yake, na shamba lililouzwa kwa sababu ya shida lilimrudia mwenyewe. Jina la yubile latoka katika luga ya Kiebrania. Ni jina la pembe ya kondoo dume iliyopigwa mwaka ule unapoanza. Na pembe ile ilipigwa siku gani? Haikupigwa siku ya mavuno wala siku ya ndoa ya mfalme. Ilipigwa siku ya kumi ya mwezi wa saba, ndiyo Siku ya Upatanisho, siku ya kufunga na kujutia zambi.

Kumbe yubile yaanza kwa toba, na toba ile yaonekana kwa kurudisha. Mungu aliujua moyo wa mtu. Alijua kwamba katika muda wa miaka hamsini wengine watapata na wengine watapoteza, na kwamba aliyepata atasahau upesi namna alivyopata. Kwa hiyo aliweka mwaka mmoja wa kukumbuka.

Na sisi, wandugu wapenzi, tunahesabu miaka yetu hamsini. Parokia yetu ilikuwa bado changa wakati wa vita ya siku themanini, mwaka 1977, na vita ya siku sita, iliyoanza Kolwezi tarehe 13 Mei 1978, ambamo watu wetu na wageni waliuawa kwa mamia. Ilikuwa imekomaa wakati mgodi wa Kamoto ulipoanguka, Septemba 1990, na mishahara ikaanza kuwa habari ya kusimuliwa. Iliona mwaka 1993, tutakaousema baadaye. Iliona jimbo la Lualaba kuzaliwa mwaka 2015, na magari makubwa ya kobalti kupita mbele ya mlango wa kanisa usiku na mchana. Katika miaka hiyo yote tuliimba, tulibatiza, tuliozesha, tulizika. Leo twaulizwa neno moja: katika mikono yetu, je, kuna kitu kisicho chetu?

2. KISHAWISHI HAKIJI KWA KELELE

Mtu asidhani kwamba twasema vibaya juu ya shaba. Wazee wa nchi hii waliiyeyusha miaka mingi mbele ya wageni kufika. Waliimwaga katika umbo la msalaba, na misalaba ile ya shaba ilikuwa mali yao. Kwayo walinunua vitu, kwayo walilipa mahari. Hawakuwa wamesikia bado habari za Msalaba wa Kristu. Shaba ni kiumbe cha Mungu kama maji na mhogo. Kishawishi hakikai katika udongo. Kinakaa katika jicho la mtu anayeutazama udongo.

Katika seminari ndogo tulifundishwa kwamba zambi ina ngazi tatu, kama walivyoeleza Mababa wa Kanisa. Kwanza wazo laja. Kisha moyo wapendezwa nalo. Mwishoni nia yakubali. Wazo peke yake si zambi. Hata Bwana wetu alijaribiwa jangwani. Hatari yaanza pale tunapomkaribisha mgeni huyu, tunampa kiti, na kumwuliza habari za kwao.

Mnaijua kartie ya Kasulo. Mwaka 2014 mtu alichimba pale katika kiwanja chake, akakuta jiwe la kobalti. Habari ilienea, na kwa muda mfupi watu walichimba uani, kisha ndani ya nyumba, kisha chini ya chumba walimolala watoto. Mashimo yalikutana chini kwa chini. Mwaka 2017 jamaa nyingi za upande mmoja wa kartie zilihamishwa, na mahali pale pakazungushwa ukuta. Hatusemi kwamba watu wa Kasulo walikuwa wabaya kuliko sisi. Wengi walikuwa na njaa, na kazi ya zamani ya wababa zao ilikuwa imekwisha. Lakini tazameni namna mambo yalivyokwenda, kwani ndiyo namna ya kila kishawishi. Hakuna aliyeamka asubuhi na kusema: Leo nitaiangusha nyumba yangu. Alisema: Nitachimba mita mbili tu, nilipe deni, kisha nitafukia. Mita mbili zikaita mita mbili nyingine, mpaka nyumba ilisimama juu ya utupu, na jirani akaisikia nyumba yake ikitikisika.

Zambi ndivyo inavyofanya. Yachimba chini yetu wakati ukuta ungali mweupe na picha ya Moyo Mtakatifu ingali ukutani.

Tuseme sasa juu ya mizani. Kijana anashuka katika shimo refu, bila hewa ya kutosha, akiwa na taa kichwani na kamba tu ya kumpandisha. Anapanda na mfuko mgongoni, anaufikisha kwenye depo. Pale mnunuzi amekwisha kuitengeneza mizani yake. Tena kile chombo cha kupima nguvu ya madini, yeye peke yake anakisoma, na anasema asilimia anayotaka. Kijana anajua kwamba ameibiwa, lakini watoto wanangoja unga. Nabii Amosi aliwakemea wafanya-biashara wa namna hii, waliongoja kwa hamu sabato ipite wapate kupunguza kipimo na kuharibu mizani, na kuwanunua maskini kwa bei ya viatu. Mtu yule wa depo, kama ni mkristu, siku ya mungu anaketi wapi? Mara nyingine anaketi benchi la mbele, na sisi tunamshukuru kwa mifuko ya simenti aliyoitoa.

Wala tusimtazame yeye peke yake. Mwalimu anayeuza alama za mtihani anayo mizani yake. Mganga anayetaka feza ya siri mbele ya kumgusa mgonjwa anayo yake. Na sisi walimu wa dini, kama tunaandika jina la mtoto kwa ubatizo upesi kwa sababu mama yake ameleta kuku, na jina la mtoto wa maskini linangoja, basi mizani yetu nayo imepotoka.

Mtu atasema: Ni vigumu, kila mtu anafanya hivyo. Tumkumbuke Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma aliyezaliwa mwaka 1981. Alikuwa mfanyakazi wa serikali katika ofisi ya kukagua vitu vinavyoingia nchini. Watu walimletea feza ili aache kupitisha macho juu ya chakula kilichoharibika. Alikataa, kwa kuwa chakula kile kingewafikia watu na kuwazuru. Mwezi wa Julai 2007 alikamatwa na kuuawa. Tarehe 15 Juni 2025, katika Basilika la Mtakatifu Paulo kule Roma, Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenye heri. Hakuwa padri wala mtawa. Alikuwa mlei mwenye mshahara na meza ya kazi, kama wengi wenu. Wazo lilimjia, feza ilikuwa mezani. Yeye hakuipa kiti.

3. SHAMBA LA NABOTI

Sasa tufike kwenye neno lililo zito. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21, twasoma habari za mfalme Ahabu. Alilitamani shamba la mizabibu la jirani yake Naboti. Naboti alikataa kuliuza, maana lilikuwa urizi wa wababa zake. Malkia Yezabeli alitafuta mashahidi wa uongo, na Naboti akapigwa mawe mpaka kufa. Kisha Ahabu akashuka kulitwaa shamba. Angalieni vizuri: Ahabu hakutupa hata jiwe moja. Hakusema uongo mbele ya baraza. Yeye alishuka tu kutwaa kitu kilichokuwa sasa hakina mwenyewe. Lakini nabii Eliya alitumwa kumwuliza yeye mwenyewe juu ya damu ile na juu ya urizi ule.

Wandugu wapenzi, sisi watu wa Kolwezi tunalo shamba la Naboti.

Mwaka 1992, nyuma ya mageuzi ya waziri mkuu kule Kinshasa, maneno ya siasa yaliwasha moto katika jimbo letu, lililoitwa wakati ule Shaba. Wandugu wetu wenye asili ya Kasai walianza kufukuzwa Likasi. Mwezi wa Machi 1993 moto ulifika hapa Kolwezi. Watu waliozaliwa hapa, ambao wababa zao na wababu zao waliletwa kwa kazi ya migodi na ya reli, waliobatizwa katika maji mamoja nasi, waliitwa bilulu, ndiyo vidudu. Walitolewa katika nyumba zao. Walikusanyika kwa maelfu kwenye kituo cha treni na katika majengo ya masomo, wakingoja gari la kuwapeleka Kasai. Wengine walingoja majuma, wengine miezi. Watoto na wazee walikufa pale kwa njaa na magonjwa, na wengine walikufa njiani, ndani ya mabehewa, wakazikwa kando ya reli.

Hatutaki kuhukumu wakubwa wa siasa katika nyumba hii ya Mungu. Wao wana siku yao mbele ya Mwamuzi. Twataka kusema juu yetu, tuliosema: Hatukufukuza mtu, tulinunua tu.

Turuhusiwe kutoa ushuhuda wa nyumba yetu wenyewe, kwa kuwa mwenye kusema juu ya nyumba za wengine aanze na yake.

Tulikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Tuliishi katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi, na ukuta mmoja ulitutenga na jirani zetu wa Kasai. Baba wa nyumba ile alikuwa fundi katika karakana. Mama yake watoto alikuwa mshonaji. Ndiye aliyetushonea shati jeupe la Komunyo ya kwanza, na hakutaka kulipwa. Walipopewa siku tatu za kuondoka, yule mama alisimama kwenye ukuta, akamwita baba yetu, akamwuzia mashini yake ya kushona nguo. Bei yake ilikuwa bei ya mfuko mmoja wa unga. Baba aliibeba begani kwa furaha ndogo isiyo na sauti. Tunakumbuka kwamba yule mama aliufuta ubao wa mashini kwa kitambaa chake mbele ya kuitoa.

Mama yetu alijifunza kushona. Mishahara ilipokatika, mashini ile ilitulisha. Nayo ilitulipia minervali ya seminari ndogo, miaka yote tuliyokaa pale. Kila neno la Kilatini tulilolijua, kila fungu la Maandiko tunalowafundisha leo, lilipita kwanza chini ya sindano ya mwanamke aliyekuwa amefukuzwa.

Mwaka 2011 baba aliugua, akaomba padri. Nyuma ya kuungama alituita, akatueleza yeye mwenyewe kwa hiari yake. Alikuwa amemwambia padri habari ya mashini, akaongeza kwamba mwenyewe aliiuza kwa mapenzi yake. Padri alimjibu: Mzee, mtu ambaye nyumba yake inawaka moto hauzi, anatupa. Na wewe uliyeokota, je, umemtafuta? Baba alilia. Alituwekea mkono kichwani, akasema: Mutafuteni.

Tulitafuta zaidi ya miaka miwili. Tuliandika barua kwa maparokia ya Kasai zilizo kando ya reli, tukawapa wafanya-biashara wa treni. Jibu lilitoka Mwene-Ditu. Fundi yule alikufa njiani mwaka ule ule wa 1993. Mama mshonaji alikufa baadaye. Binti yao mmoja alikuwa hai. Tulipeleka mashini, na pamoja nayo feza, kadiri tulivyoweza kuhesabu haki ya miaka mingi. Binti yule alijibu kwa barua fupi. Aliandika kwamba vitu vimefika, na kwamba anatushukuru. Aliandika tena kwamba kaburi la baba yake hawalijui liko kwenye kituo gani, na aliomba tumsomeshee misa. Mwishoni aliuliza kama mwembe wa uani kwao ungali unazaa.

Tulimjibu kwamba ungali unazaa.

4. AHABU NA ZAKAYO

Tunaporudi katika habari za Ahabu, tunakuta jambo la kutetemesha. Aliposikia maneno ya Eliya, Ahabu alipasua mavazi yake, alivaa gunia, alifunga, alitembea polepole kwa majuto. Na Mungu, aliye mwenye huruma, aliona unyenyekevu wake, akaahirisha azabu. Lakini someni sura ile mpaka mwisho: hakuna mahali palipoandikwa kwamba alirudisha shamba la mizabibu kwa jamaa ya Naboti. Alivaa gunia, na shamba likabaki kwake.

Mbele yake tumweke Zakayo wa Yeriko, katika Injili ya Luka, sura ya 19. Mtu yule alikuwa mkubwa wa watoza kodi, na kazi yake ilikuwa mizani kama ile ya depo. Yezu hakumgombeza mbele ya watu. Alimwita kwa jina lake, akaenda kula kwake. Na Zakayo, bila kuulizwa, alisimama, akatoa nusu ya mali yake kwa maskini, na kuahidi kumrudishia mara nne kila mtu aliyemnyanganya. Hapo ndipo Bwana alipotangaza kwamba wokovu umeingia katika nyumba ile. Huruma ilikuja kwanza, kurudisha kulifuata. Zakayo hakununua huruma kwa feza yake. Lakini huruma iliyofika kweli katika nyumba haiachi sanduku limefungwa.

Ndiyo mafundisho ya Kanisa tangu zamani. Mtakatifu Augustino aliandika katika barua yake kwa hakimu Masedonio kwamba mwenye uwezo wa kurudisha kitu cha wizi, naye asirudishe, hatubu bali anajifanya kutubu. Katekisimu ya Kanisa Katolika, katika maelezo ya amri ya saba, yafundisha kwamba haki yadai kitu kirudi kwa mwenyewe. Sakramenti ya Kitubio ina majuto, maungamo na malipizi. Wengi wetu tunapenda mambo mawili ya kwanza, na la tatu tunalifupisha kuwa Salamu Maria tatu.

Basi tunasema wazi, ili mtu asitoke hapa akiwa na mashaka:

Kitu kikiwa bado kiko na mwenyewe anajulikana, kirudi kwake. Kama ni aibu kubwa kujionyesha, padri aweza kukipeleka bila kutaja jina.

Mwenyewe akiwa amekufa, kirudi kwa watoto wake. Kufa kwa mtu hakufuti deni.

Mwenyewe asipojulikana, kama wale vijana mia wa mizani, haki yao iende kwa maskini. Isiende kwa bati la kanisa ili jina lisomwe siku ya mungu! Mungu hanunuliwi kwa mfuko wa simenti.

Asiye na uwezo wa kurudisha yote, aanze na kidogo, na aache leo kuiba. Asiye na kitu chochote, aombe radhi uso kwa uso. Tena aliyemwita ndugu yake kidudu, amwite leo kwa jina lake, mbele ya watoto, kwa maana sifa ya mtu nayo ni mali iliyoibwa.

Na juu ya nyumba na viwanja vya mwaka 1993, tunajua kwamba mambo yamefungamana. Karatasi zimepita mikono mingi, na wengi wanaokaa humo leo hawana kosa. Hatuwaamshi watu kwa ugomvi. Lakini anayekaa ndani ya nyumba na kujua jina la aliyeijenga, asilale na jina lile kooni. Amwendee padri, amtafute mwenyewe, wasemezane, watengeneze kwa amani na kwa sheria. Wapo wakristu waliofanya hivyo kimya-kimya, na nyumba zao hazikuanguka.

5. HAKI YA MUNGU

Watu wanapopatwa na ajali, midomo yetu ina haraka ya kuhukumu. Tarehe 27 Juni 2019 udongo uliwaangukia wachimbaji katika mgodi wa wazi wa KOV, karibu na mji wetu, na watu zaidi ya 40 walikufa. Tulisikia kwa masikio yetu wakristu wakisema: Mungu amewaazibu, walikuwa walevi, walikuwa wezi wa madini. Wandugu, Bwana wetu alikwisha kujibu neno hili. Mnara wa Siloamu ulipowaua watu kumi na wanane, alisema kwamba hawakuwa na makosa kuliko wakaaji wengine wa Yerusalemu, na aliwageukia waliosimama pale akawaambia watubu wao. Ajali ya mwenzetu si hukumu juu yake. Ni kengele kwetu. Na kama haki ya Mungu ilikuwa na neno la kuuliza siku ile, labda iliuliza kwa nini mtu afe katika udongo kwa mkate wa siku moja, na nani alikuwa akinunua mifuko ile, na kwa mizani gani.

Haki ya Mungu haifanani na mahakama yetu, ambamo mwenye feza hupata haki mbele ya jua kuchwa. Wala haifanani na kisasi chetu. Sista Anuarite Nengapeta alipouawa Isiro, tarehe 1 Desemba 1964, alimsamehe afisa aliyempiga, kabla ya roho kumtoka. Na Papa Yohane Paulo wa Pili, alipomtangaza kuwa Mwenye heri Kinshasa, tarehe 15 Agosti 1985, alimsamehe mwuaji yule kwa jina la Kanisa lote. Msamaha ule haukusema kwamba damu si kitu. Ni yule aliyekosewa tu anayeweza kusamehe. Mkosaji hawezi kujisamehe mwenyewe na kusema: Yamepita, tusahau. Sisi wa Kolwezi tunapenda sana kusema: Yamepita. Lakini neno hilo ni haki ya yule aliyezika baba yake kando ya reli. Sisi hatuna ruhusa ya kulisema badala yake.

Na bado, wandugu wapenzi, hata tukirudisha vyote, kitabaki kitu kisichorudishika. Tulirudisha mashini, hatukuweza kumrudisha fundi. Tulilipa feza, hatukuweza kulipa usiku ule kwenye kituo cha treni. Ndiyo maana haki ya Mungu ni tumaini letu kama ilivyo hofu yetu. Yeye peke yake anajua kila kituo na kila kaburi lisilo na msalaba. Yeye peke yake atawaita wale kwa majina yao siku ya ufufuko, na kuwarudishia kile tusichoweza sisi. Kazi yetu ni ndogo: tusifike mbele yake tukiwa bado na kitu cha mwenzetu mkononi.

KUMALIZA

Siku ya yubile tutapiga ngoma, na ni vema. Tutakula pamoja, na ni vema. Lakini kati ya leo na siku ile yabaki majuma machache. Mapadri wetu wamekubali kukaa katika kiti cha kitubio kila jioni. Kila jumuiya hai ikutane, isome Walawi 25 na Luka 19, na kila jamaa itazame ndani ya nyumba yake: kabati, kitanda, mizani, kiwanja, daftari la madeni. Mzee aliye na habari asife nayo. Mtoto aulize mashini hii ilitoka wapi, naye mzazi asimfukuze.

Kila mwaka, mwezi wa Machi, tunamsomeshea misa fundi yule na mke wake, na wote waliokufa katika safari ile. Mwaka huu wa yubile twaomba parokia nzima isimame pamoja nasi katika misa ile. Na kama kuna ndugu wa Kasai kati ya wageni wetu, akae mbele, kwa kuwa mahali pale palikuwa pake.

Bikira Maria, Mama wa Huruma, atuombee. Mwenye heri Anuarite na Mwenye heri Floribert watuombee. Na Yezu Kristu, aliye haki yetu na amani yetu, aipokee miaka hamsini ya parokia yake, aisafishe, aifanye kuwa yake. Amina.